Kiti ya karibu na mlango: nani anaongoza shirika la wagonjwa?

Asanteni, mukae, mukae. Wababa, wamama, vijana, na baba paroko aliyetupatia sale hii, aksanti sana. Waliniomba niongee juu ya uongozi bora wa shirika la afya, na naona wengi mulikuja na kaye muandike sifa 10 za prezida muzuri. Sifa 10 sina. Niko na jambo moja, na wenye kunijua wanalijua tayari juu nililisema Bagira, nikalisema Nguba, hapa hapa Bukavu, na nitalirudilia mupaka lisikike: kama shirika lenu linafundisha watu kuishi na ugonjwa wao, kujipima, kujidunga, kujua chakula gani na dawa saa ngapi, basi wale wanaoishi na ule ugonjwa njo wanapaswa kushika uongozi. Na nikisema kushika ni kushika kweli: ajenda ya mkutano, buku ya pesa, sinyatire.

Acha niwaeleze ya frigo. Wenye walishaisikia wanivumilie.

Kulikuwa komite moja hapa mjini, watu 7, na mimi nilikuwa ndani, nilinyosha mkono kama wengine. Kuko muganga, pasta, avoka, papa mmoja wa biashara, sekretere, mimi mwalimu, na mama mmoja wa Cimpunda mwenye ugonjwa wa sukari, anajidunga insulini, ile dawa ya sukari, tangu miaka mingi. Kwenye statuti walimuandika "mwakilishi wa wagonjwa". Munajua kazi ya mwakilishi wa wagonjwa? Anafungua mkutano na maombi, wageni wakikuja anapigwa picha, na kiti yake iko karibu na mlango, juu akishapanda ile milima na miguu anafika wa mwisho na ile njo kiti inabakia. Pesa ikaingia, kidogo lakini iliingia, na muganga akaleta wazo kwamba tununue frigo kubwa tuiweke biro, wagonjwa wa kartye walete insulini yao tuwachungie. Sisi wote tukaona ni wazo la akili kabisa. Yule mama akanyosha mkono, akauliza biro inafunguliwa saa ngapi. Saa tatu asubui, tukamwambia, inafungwa saa tisa. Akasema: "Mimi najidunga saa kumi na mbili mbele ya chai, na tena magaribi. Sasa insulini ikilala kwenu, mimi nitafanya aje?" Watu wakacheka kidogo. Akauliza tena, na umeme ukikatika? Prezida akamujibu na sauti ya upole, mama, ile ni mambo ya ufundi, wataalamu wataiangalia. Akanyamaza. Tukapiga kura, 6 kwa 1.

Frigo ikanunuliwa. Mwezi wa kwanza watu 4 walileta chupa zao, kiisha wiki mbili wawili wakazikujia, walichoka kupanda. Umeme ulikuwa unaenda usiku unarudi alfajiri, na mtu mmoja wa biro, kwa roho nzuri kabisa, aligeuza kile kifungo cha baridi mupaka mwisho ili ikamate haraka. Asubui moja tukakuta chupa zimeganda barafu. Muganga wetu njo alitueleza, na uso wake ulikuwa umekufa: insulini ikishaganda haitumiki tena, hata ikiyeyuka ukaiona safi kama maji ya chemchem, ni ya kutupa. Zilikuwa za watu wawili. Mumoja alikuwa kijana wa shule, na mama yake aliuzisha mbuzi ili apate ingine.

Siku ile nilishuka Cimpunda kuomba yule mama samahani. Alinikaribisha ndani, na pembeni ya dirisha, fasi ya kivuli, nikaona chungu kikubwa cha udongo, ndani yake chungu kingine kidogo, katikati yao mchanga wenye maji, juu kitambaa kilicholowana. Insulini iko mule, ndani ya kikopo isiingie maji. Yale maji yanakauka pole pole kupitia udongo na yanaondoka na joto. Akanionyesha chupa yenye alishafungua, tarehe imeandikwa juu yake na biki, juu anajua akishaifungua ni wiki 4 basi. Miaka yote vile, bila frigo. Nikamuuliza, mama, mbona hukutuambia? Akaniangalia. "Mwalimu, niliwauliza juu ya umeme, mukasema ni ufundi."

Wazee walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi 6 tulikuwa tunapiga kura juu ya kitanda cha mwengine, na diploma zetu zote hazikutuonyesha kunguni hata mumoja.

Najua kuko mtu pale anasema ndani ya roho: "Lakini mwalimu, mugonjwa hakusoma, ataongoza aje?" Bon. Kuko mama mmoja Marekani, Kate Lorig, infirmiere, na yeye mwenyewe ana ugonjwa wa kuzaliwa nao wenye hauponi. Alianza pale chuo kikuu cha Stanford na watu wenye maumivu ya viungo, mwisho wa miaka ya 1970, kiisha akatengeneza mafunzo ya kila ugonjwa wa kudumu: wiki 6, mara moja kwa wiki, saa mbili na nusu. Darasa linaongozwa na watu wawili, na mumoja kati yao, au wote wawili, anaishi na ugonjwa. Hawakuwa waganga, walikuwa majirani wa kawaida waliofundishwa siku chache na kupewa kitabu cha kufuata. Mwaka 1999 walitoa matokeo ya utafiti wa watu 952, wenye moyo, mapafu, viungo, na wenye walipita mafunzo walilazwa hospitalini kidogo kuliko wenzao wenye walikuwa wangali wanangojea zamu. Uingereza serikali yenyewe ikayachukua kuanzia 2002. Kule, niseme ukweli wote, walipopima hawakuona watu wanapunguza kwenda kwa muganga, lakini walikuta watu wamepata nguvu zaidi na kujiamini juu ya ugonjwa wao. Mimi ile inanitosha. Mutu anayejiamini njo anayeuliza biro inafunguliwa saa ngapi.

Utasema ile ni ya wazungu. Basi tuende Kinshasa. Mwaka 2010 shirika la MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na mitandao ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi walianzisha vituo vya kugawia dawa vinaitwa PODI. Zamani mutu anapanga foleni hospitalini mwezi kwa mwezi, siku nzima inapotea, kazi inaharibika, majirani wanauliza. Kwenye PODI mwenye hali yake imetulia anakuja kila miezi 3, anapimwa uzito, anaulizwa anajisikia aje, anachukua dawa yake anaenda. Na anayemupatia dawa ni mwenzake, naye anakunywa ile ile. Wakongomani wenzetu, musiniambie haiwezekani hapa.

Na jambo hili si la leo. Mwaka 1983, mji wa Denver, Marekani, wagonjwa wa ukimwi wachache waliandika masharti yao. Wakati ule hakuna dawa, watu walikuwa wanakufa. Wakakataa kuitwa wahanga. Na ndani ya yale masharti waliandika wazi kwamba wanataka kukaa ndani ya komite za uongozi za mashirika yenye yanawahudumia. Watu wenye hawajui kama watafika mwaka kesho, wanadai kiti ya komite! Walijua fasi maisha yao yanakatiwa shauri ni pale.

Sasa muganga tumufukuze? Hapana, ndugu zangu, hapana, na kila mara nikiongea kuko docta anatoka amekasirika. Docta, tunakuhitaji sana. Bila wewe tungerudishia wale watu chupa zilizoganda. Ukae pembeni ya prezida, umwambie hii ni hatari na hii si hatari, na akubali kukusikia. Lakini ajenda iandikwe na mwenye anajidunga.

Wananionyesha saa. Bon, haraka haraka. Wanasema mugonjwa atalazwa na kazi itakwama: muweke wawili kila fasi, kama Lorig alivyoweka wawili mbele ya darasa, mumoja akilala mwengine anasimama. Juu ya pesa, sinyatire mbili, na moja iwe ya mwenye kuishi na ugonjwa, na trezorie asome hesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wote. Juu ya prezida wa maisha nilikuwa na mengi, tutayaacha, lakini musome ile sheria ya ASBL, mashirika yasiyotafuta faida, ya tarehe 20 julai 2001: asamble jenerale, mkutano wa wanachama wote, njo kubwa kuliko prezida. Komite imetoka kwenu na inarudi kwenu. Na nauli! Mukimuita mama wa Cimpunda kwenye mkutano mumupatie nauli na kitu cha kukula kwa saa yake, mwenye sukari hangojei mupaka pasta amalize hotuba.

Jumamosi munachagua komite mupya, fasi 7. Niliona liste kwenye mlango, majina 11, na mbele ya kila jina diploma. Sikuona fasi hata moja yenye imeandikwa nani anaishi na tansio, nani na sukari, nani na pumu. Ile liste bado iko ya kalamu ya risasi, inaweza kuandikwa tena kabla hatujatoka hapa.

Yaya, wewe pale karibu na mlango, ulinyosha mkono tangu nilipokuwa kwenye frigo. Kuja mbele. Mumupatie mikro.