Pingili Zilizosagika na Maisha Yanayoendelea: Mhadhara kuhusu Kuchakaa kwa Diski za Uti wa Mgongo

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama na ndugu zangu mliofika kutoka Mikindani, Nanyamba na mitaa ya hapa Mtwara mjini, asanteni kwa kuitikia wito. Wengi wenu, baada ya kupigwa picha ya mgongo, mmeambiwa kwamba pingili zimesagika, mkarudi nyumbani mkiamini kuwa kazi ya shamba ndiyo imekwisha na kilichobaki ni kitanda. Nimekuja kuipinga imani hiyo, kwa sababu ninaona inawalemaza watu kuliko ugonjwa wenyewe.

Uti wa mgongo una diski 23, kila moja ikiwa katikati ya pingili mbili. Ukingo wake wa nje ni nyuzi ngumu zilizopishana, na ndani mna ute mzito ambao kwa kijana takriban asilimia 80 ni maji. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu kabisa. Chakula chake hupenya taratibu kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini yake. Mchana, kwa uzito wa mwili na mizigo, diski hukamuliwa kama dodoki, na usiku tunapolala hunyonya maji tena. Ndiyo maana kila mmoja wetu jioni huwa mfupi kuliko alivyoamka, kwa sentimita moja hivi au zaidi kidogo.

Kadiri umri unavyosonga, uwezo wa ute huo kushika maji hupungua, diski hunywea, nafasi kati ya pingili hupungua, na ukingo hupata nyufa. Mabadiliko haya huanza mapema mno, kwa wengine wakiwa na miaka ishirini na kitu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliojumlisha picha za watu wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, ulikuta dalili za kuchakaa kwa diski katika asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Naomba takwimu hizo tuzitafakari. Ikiwa karibu kila mzee mwenye afya njema ana diski zilizochakaa, basi picha peke yake haiwezi kutueleza kwa nini mama fulani anaumwa na jirani yake haumwi. Vilevile tafiti za mapacha zilizofanywa Finland zimeonyesha kwamba urithi una mchango mkubwa katika uchakavu huu kuliko aina ya kazi, hivyo si haki kumwambia mkulima kwamba jembe ndilo lililomharibu.

Hata hivyo maumivu ni ya kweli. Wakati mwingine ute husukumwa nje ya ukingo na kugusa mshipa wa fahamu, na mtu akahisi moto au ganzi inayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni. Hali hiyo hutisha, lakini kwa wengi hupungua ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu bila upasuaji, kwa kuwa mara nyingi mwili wenyewe hukinyonya kipande kilichotoka.

Je, tufanye nini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unatanguliza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo. Kulala kitandani kwa majuma hudhoofisha misuli inayoubeba mgongo. Ninasikitishwa zaidi na mazoea ya kuchomwa sindano ya diklofenaki kila maumivu yanaporudi, bila kupimwa. Dawa hiyo ina nafasi yake kwa muda mfupi, lakini ikizoeleka huweza kuumiza figo na kutoboa tumbo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Sigara nayo iachwe.

Msimu wa korosho unapofika, mama huinama chini ya mkorosho saa nzima akiokota. Apige goti au aketi kwenye kigoda, asimame kila baada ya muda mfupi na kutembea kidogo. Alfajiri diski huwa imejaa maji na kuinama huikaza zaidi, kwa hiyo mwendo wa kwenda shambani utangulie, kuokota kufuate. Gunia libebwe na watu wawili, likiwa karibu na kifua, magoti yakikunjwa. Anayeanza kupona aongeze kazi kidogo kidogo, hata kama maumivu madogo bado yapo.

Zipo dalili zisizongoja ushauri wa namna hii. Anayeshindwa kuzuia haja au kukojoa, anayepata ganzi sehemu za siri, au ambaye mguu unazidi kuishiwa nguvu, apelekwe Ligula siku hiyohiyo, au hospitali nyingine iliyo karibu naye. Mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, achunguzwe kifua kikuu cha mifupa, ambacho kinatibika kwa dawa kikigunduliwa mapema. Aliyeanguka kutoka mtini au kwenye bodaboda naye asikandwe mgongo kabla hajapimwa.