Isome Barua Kwanza: Imani Wakati Biashara Imebanwa

Bwana Yesu asifiwe. Karibuni, na wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Fungueni Wafalme wa Pili, sura ya 19, mstari wa 14. Waashuri wameshatwaa miji yenye maboma ya Yuda, na sasa waraka wa vitisho umefika Yerusalemu. Mfalme Hezekia wa Yuda anaupokea, anausoma, kisha anapanda nyumbani mwa Bwana na kuukunjua mbele zake. Tazameni mpangilio wa matendo yake: alisoma, ndipo akaomba. Kwetu mara nyingi mambo huenda kinyume. Barua ya benki inakaa kwenye droo wiki tatu bila kufunguliwa, na mwenye biashara yuko kwenye mfungo akiomba mlango ufunguke. Mtu huyo hawezi kumkabidhi Mungu mzigo ambao hata uzito wake hataki kuujua.

Hofu ya biashara hula gizani. Humfanya mtu asipokee simu za wadai, afiche hesabu kwa mwenzi wake wa ndoa, akope kwa mmoja amlipe mwingine. Ninachotaka mwondoke nacho leo ni hiki: imani haibadilishi tarakimu zilizo kwenye daftari. Inakupa ujasiri wa kuzitazama zote, na kusema kweli mapema, wakati kweli hiyo bado inaweza kusaidia.

Kwa hiyo ombeni kwa tarakimu. Wafilipi 4:6 inasema haja zetu na zijulikane na Mungu. Haja iliyojulikana ina kiasi na ina tarehe. Chukua karatasi, chora safu 13, safu moja kwa kila wiki. Wiki 13 ni karibu robo mwaka: muda wa kutosha kuona pango, kodi na marejesho yakija, lakini si mrefu kiasi cha kukufanya uanze kubuni. Katika kila safu andika fedha iliyopo, inayoingia, inayotoka, na bakaa. Inayoingia ni fedha taslimu pekee. Ankara uliyotuma jana si fedha. Iandike kwenye wiki ambayo mteja huyo huwa analipa kweli, si wiki aliyoahidi. Hapa ndipo wengi hujidanganya, na ndiyo maana biashara yenye faida kwenye vitabu hushindwa kulipa mishahara.

Tuchukue mfano. Una 400 mkononi. Wiki ya kwanza inaingia 250, inatoka 300. Unabaki na 350. Wiki ya pili inaingia 250, mishahara na bidhaa vinachukua 450. Unabaki na 150. Wiki ya tatu inaingia 250, pango na marejesho ni 600. Umepungukiwa 200. Kabla ya karatasi hii ulikuwa unalia, "Bwana, biashara inakufa." Sasa unasema, "Bwana, nimepungukiwa 200 wiki ya tatu." Na pengo la 200 lina dawa: kuna mteja anayedaiwa, kuna bidhaa zilizolala ghalani unazoweza kuuza kwa bei ya kununulia, kuna msambazaji anayeweza kukubali malipo ya awamu.

Ndivyo alivyofanya Elisha na yule mjane wa Wafalme wa Pili sura ya 4. Mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii anamuuliza, una kitu gani nyumbani? Hilo ni swali la mhasibu kabisa. Jibu ni chupa ya mafuta. Anaambiwa aazime vyombo, na viwe vitupu, wala visiwe vichache. Mafuta yanapoongezeka hahimizwi kupanua biashara. Anaambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Muujiza ulikuwa wa Mungu. Kuzungukia majirani, kumimina, kuuza na kulipa vilikuwa kazi yake.

Sasa wadai. Mathayo 5:25 inasema patana na mshitaki wako upesi, mngali njiani. Upesi maana yake kabla tarehe haijapita. Mpigie, kisha umwandikie mambo manne: kiasi unachodaiwa, kwa nini hutaweza kulipa chote siku hiyo, utalipa kiasi gani na tarehe ipi, na siku utakayompa taarifa tena hata kama huna kitu. Ukiweza, ambatanisha malipo kidogo ya kuanzia. Kosa kubwa ni kutaja kiasi kinachomfurahisha ili akate simu. Kama karatasi yako inasema unaweza 60 kwa wiki, ahidi 50. Mdai huvumilia ucheleweshaji wa kwanza. Ahadi ya pili ikivunjika, anaacha kusikiliza na kuanza kutafuta mwanasheria. "Ndiyo yenu iwe ndiyo" ni neno la biashara pia.

Fedha ikiwa haitoshi, nani atangulie? Maandiko hayamung'unyi maneno kuhusu mwajiriwa. Walawi 19:13 inakataza ujira wake kukaa kwako hata asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Yeye ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote kwenye orodha yako, na ndiye huahirishwa kwanza kwa sababu hana barua yenye nembo. Punguza kwanza unachojilipa mwenyewe.

Na hapa nitasema jambo litakalowaudhi wachache. Kuchukua mishahara ya watu au fedha ya kodi ukaipeleka madhabahuni kama "mbegu" ili deni lifutike si imani. Ni kamari yenye nyimbo. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada. Toeni, lakini toeni kilicho chenu.

Mikopo ya haraka nayo. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo. Ukiiacha ijiongeze juu yake yenyewe, deni la 100 linakaribia 314 baada ya miezi 12. Biashara iliyobanwa haina faida inayokimbia kasi hiyo. Jiwekeeni sheria: hakuna kusaini mkopo siku ileile ulipopendekezwa. Lala nao, omba, uuingize kwenye ile karatasi ya safu 13, na mwenzi wako auone. Mkopo unaoharibika kwa kusubiri usiku mmoja una kitu unachokificha.

Shinikizo la rushwa ni tofauti, kwa sababu huja ukiwa na haraka. Anayeomba kibali siku mbili kabla ya kukihitaji ameshajiweka mahali pa kutoa. Anza mapema, kusanya nyaraka zote kabla ya kwenda, nendeni wawili, na ukidaiwa malipo usiyoyajua omba kwa upole kiwango kilichoandikwa na risiti. Mara nyingi dai hufifia hapo. Mara nyingine halififii, na zabuni anapewa mwingine. Tusiwadanganye watu kwamba mwaminifu hushinda kila zabuni. Wale vijana watatu wa Danieli sura ya 3, mbele ya tanuru la moto, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, wakaongeza, "bali kama si hivyo". Mfanyabiashara Mkristo anahitaji kuwa amesema maneno hayo rohoni kabla hajaingia ofisini, maana mbele ya meza ya afisa hakuna muda wa kutafakari.

Usibebe haya peke yako. Tafuta waamini wawili wanaojua hesabu, wasiokudai wala kudaiwa nawe, waione karatasi yako kila wiki. Wanaokuombea bila kujua tarakimu watakufariji tu. Nehemia alipotishwa, yeye na watu wake walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku. Hawa wawili ndio walinzi wako.

La mwisho, kwa sababu limeulizwa kwenye vikaratasi: ndugu wa kanisani akikuomba umdhamini mkopo? Mdhamini hasaini ushahidi wa tabia njema. Anasaini kulipa, na mikataba mingi humruhusu mkopeshaji kumdai mdhamini salio lote pamoja na riba. Mithali 6 inamwambia aliyekwisha kudhamini aende akanyenyekee, akamsihi mwenzake, asiyape macho yake usingizi mpaka ajiponye. Kama umeshasaini, kesho omba taarifa ya salio na tarehe za marejesho, na uulize kwa maandishi masharti ya kuondolewa. Kama hujasaini, mpe kiasi unachoweza kukipoteza, kiwe zawadi, na umwambie wazi kwamba saini hutatoa.