Kuandaa Seli za Panya kwa Utafiti wa Homa ya Ini C

Karibuni tena maabara. Hapa nina Hepa1-6, seli za saratani ya ini la panya, na kazi ya leo ni kuzifanya zibebe virusi vya homa ya ini C. Kwa kawaida zinavikataa, kwa sababu zaidi ya moja, na ukiondoa kizuizi kimoja ukasahau kingine, utakaa wiki nzima unaangalia sifuri.

Usalama kwanza. Tuko kwenye maabara ya kiwango cha 2, ndani ya kabati la usalama, na hatutumii virusi kamili. Tunatumia replikoni ya JFH1, aina mojawapo ya virusi hivi: RNA (maelekezo ya kijeni ya virusi) iliyoondolewa jeni za ganda la virusi, ikapachikwa jeni ya lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga. Inajinakili ndani ya seli, lakini haizai virusi vya kuambukiza.

Sasa tuzitayarishe seli. Virusi hivi haviendi bila miR-122, kipande kidogo cha RNA cha seli za ini. Ini la panya linayo tele, na ni ileile ya binadamu, ila Hepa1-6 zinayo kidogo mno, kwa hiyo tunaziongezea kwa lentivirusi, virusi vya kubebea jeni. Ukiweza kupata seli zisizo na IRF3, protini inayowasha ulinzi wa seli dhidi ya virusi, bora zaidi: king'ora cha intaferoni, protini za ulinzi huo, kitapoa.

RNA tutaiingiza kwenye seli kwa mshtuko wa umeme. Osha seli mara mbili kwa bafa baridi. Usiharakishe hapa, chumvi ya mchuzi wa kuoteshea ikibaki, umeme unapiga cheche na seli zinakufa. Changanya na RNA, piga mshtuko mmoja mfupi, ziache zipumue kidogo, kisha zipande kwenye sahani.

Pima mwanga baada ya saa 4, 24, 48 na 72. Na hapa ndipo wengi tunapodanganyika, mimi nikiwemo. Ule mwanga wa saa 4 haumaanishi virusi vimejinakili. Ni RNA uliyoingiza mwenyewe inayotafsiriwa kuwa protini. Ndiyo maana kila jaribio linakwenda na pacha wake, replikoni ya GND, ambayo polimerasi yake, kimeng'enya cha kunakili RNA, imelemazwa. Pacha akizimika huku yako ikipanda kati ya saa 24 na 72, hapo kuna kitu. Zikishuka pamoja, rudi kwenye miR-122.

Hayo yote ni ya ndani ya seli. Ukitaka na mlango wa kuingilia, ongeza CD81 na okludini za binadamu, protini za juu ya seli ambazo virusi hupitia. Protini nyingine mbili za mlango huo, SR-B1 na klaudini-1, za panya zinatosha. Jaribu mlango huo kwa virusi bandia vilivyovishwa E1 na E2, protini za ganda la virusi vya homa ya ini C, navyo vipimwe kwa lusiferasi.

Bado kipimo kimoja. Gawa seli zako sahani mbili, moja iwekee sofosbuvir, dawa ya homa ya ini C ambayo huzuia polimerasi ya virusi. Mwanga usipopungua kwenye hiyo, usiandike kwenye daftari kwamba umefanikiwa.