Kisu cha Kukunja Kilichotoka Ardhini: Tutajuaje Umri Wake?

MWANAISHA: Karibuni. Leo ni kisu cha mfukoni kilichofukuliwa, tuseme kwenye msingi wa nyumba Mji wa Kale, Mombasa, kimeganda kwa kutu. Kaka Salim, mtu aanze wapi?

SALIM: Asikifungue! Ukilazimisha bapa, springi ya mgongoni inakatika au mpini unapasuka. Wala asitie ndimu au siki. Asidi hula kutu na chapa ya mtengenezaji pamoja, na chapa ndiyo tunayoitafuta. Kama hakina dalili za kuwa cha kale, akiloweke kwenye mafuta ya taa siku kadhaa, kisha aondoe udongo kwa kijiti cha mbao, pole pole.

MWANAISHA: Chapa huwa kwenye msuka, pale bapa linapoingia mpinini. Zima taa, laza tochi karibu sawa na bapa, mwanga upite kwa ubavu. Herufi iliyoliwa nusu itatoa kivuli. Ukimulika kutoka juu huoni kitu.

SALIM: Visu vya Sheffield, mji wa Uingereza wa watengeneza visu, vina alama zinazojulikana. Joseph Rodgers alipiga nyota na msalaba wa Malta, George Wostenholm akapiga I*XL. Ukikuta V na R pembeni mwa taji, huyo ni Malkia Victoria, 1837 hadi 1901.

MWANAISHA: G R, yaani Mfalme George, ndiyo inayosumbua, maana kina George ni wengi. Wa Nne alifariki 1830, wa Tano akatawala kuanzia 1910, wa Sita 1936.

SALIM: Basi soma maneno ya chini, dada. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, ndipo visu vya kuuzwa huko vikaandikwa "England". G R ikiwa na neno "England", mfikirie George wa Tano au wa Sita.

MWANAISHA: Na bapa likiwa limetoka safi huku vyuma vingine vya kisu vimeoza, huenda ni chuma cha pua. Harry Brearley alikitengeneza Sheffield mwaka 1913.

SALIM: Mpini nao uangalie kwa lenzi. Mfupa una vitundu na mistari myeusi midogo, bakelaiti, plastiki ya zamani, haina, na hiyo ni ya kuanzia 1907. Tafadhali msijaribu kwa sindano ya moto, seluloidi, plastiki nyingine ya zamani, hulipuka moto mara moja.

MWANAISHA: Lakini mipini hubadilishwa. Riveti, vile vipini vya chuma vinavyoshika mpini, zikiwa hazifanani, mpini usiutumie kukadiria umri wa bapa.

SALIM: Kina cha shimo pia kinadanganya, kwa sababu udongo wa mjini umechimbwa na kufukiwa mara nyingi. Vilivyolala nacho vina maana zaidi. Kikiwa tabaka moja la udongo na sarafu ya pesa ya Mombasa ya 1888, ile yenye mizani, basi tabaka hilo halikufungwa kabla ya 1888. Kisu chenyewe chaweza kuwa kikuukuu zaidi.

MWANAISHA: Sheria ya Kenya huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale. Dalili zikielekea huko, hata mafuta ya taa usitie. Piga picha mahali kilipolala, pima kina, kifunge kwenye karatasi kavu, ukawaone watu wa makumbusho pale Fort Jesus.