Mwenyeji Ugenini: Mazungumzo ya Barazani kuhusu Mabanda ya Maonyesho ya Dunia

Asalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu. Vijana, nawaona mmesimama mlangoni. Ingieni, mikeka ipo, hapa hakuna atakayewauliza tiketi.

Nimeambiwa nizungumze juu ya diplomasia ya utamaduni, yaani nchi kujitambulisha kwa wengine kwa utamaduni wake, na hasa mabanda ya nchi kwenye Maonyesho ya Dunia, haya ambayo siku hizi huitwa Ekspo. Mimi si balozi, wala sijapata kukaa ofisi yenye bendera mezani. Nimetembeza wageni Mji wa Kale hapa Mombasa kwa miaka mingi, kutoka Ngome ya Yesu hadi bandari ya zamani, na mwanzoni mwa mwaka 2022 nilikwenda Dubai kumtazama mdogo wangu, nikaishia kuzunguka Ekspo siku nne, miguu ikiwaka moto. Nitakayosema ni ya mtu aliyepokea wageni, kisha akawa mgeni.

Wengi wenu mmekwenda shoo ya kilimo pale Mkomani. Mnalijua banda: turubai, meza, mabango, kijana aliyevaa fulana ya kampuni anayekupa kalamu ya bure. Sasa ichukue shoo ile, uongeze nchi 192, uiendeshe miezi sita. Ndiyo Ekspo ya Dubai, iliyoitwa ya 2020 lakini korona ikaisukuma hadi tarehe 1 Oktoba 2021, ikafungwa tarehe 31 Machi 2022. Milango ile iliingiwa zaidi ya mara milioni 24. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wa Ekspo wanakaa siku 182, na jembe hawaliulizi. (Kicheko.)

Lakini tazameni jambo la ajabu la banda. Ardhi ni ya watu, paa ni lako, na anayekuja kukubishia hodi ndiye mwenye mji. Wewe ni mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ina adabu yake, na sisi watu wa pwani tumeifanya muda mrefu kuliko hao walioiandikia kanuni.

Nianze na twiga. Mwaka 1414 twiga alifika China kwenye baraza ya mfalme Yongle, kapelekwa zawadi na mtawala wa Bengal. Mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wakafika na twiga wao. Watu wa kule walikuwa na mnyama wa hadithi aitwaye qilin, ambaye huonekana pale tu utawala unapokuwa wa haki. Wakamtazama twiga, shingo ndefu, mwendo wa taratibu, hana kelele, wakasema: huyu ndiye. Fikirini sasa. Malindi haikuwa na jeshi la kumtisha mfalme wa China, wala mali ambayo yeye hakuwa nayo. Ilipeleka kiumbe mmoja, na kiumbe yule akaingia ndani ya hadithi ya wenyeji kana kwamba nafasi yake iliwekwa. Safari ya tano ya Zheng He, mkuu wa misafara ya meli za China, iliyoanza 1417, ikawarudisha wajumbe makwao na kufika pwani yetu. Najua watu wa Mvita, yaani Mombasa hii, mnaumia kusikia Malindi ikisifiwa barazani kwetu. Vumilieni, mimi mwenyewe mama yangu ni wa huko.

Kile ambacho Malindi ilikuwa nacho siku ile ni hiki: iliamua yenyewe nini kipelekwe, na wajumbe wake walisimama pale wenyewe. Liwekeni hilo akilini, maana ninalotaka kusema sasa ni zito.

Mwaka 1897 Brussels ilifanya maonyesho, na sehemu ya koloni ikawekwa Tervuren, nje kidogo ya mji. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliletewa Wakongo 267. Wakajengewa vijiji vya mfano kando ya maji, wakae humo mchana kutwa watu wapite wawatazame. Walikuja watazamaji kwa maelfu, wakiwarushia peremende na vyakula. Msimu ule ulikuwa wa baridi na mvua. Saba walikufa, na makaburi yao yako Tervuren hadi leo, kando ya kanisa. Lile lilikuwa banda pia, jamani. Lilikuwa na ramani, lilikuwa na vinyago, lilikuwa na watu. Ufunguo tu ndio uliokuwa mfukoni mwa mwingine.

Mtasema hayo ni ya karne ile. Basi njooni mwaka 1958, Brussels hiyo hiyo, maonyesho yenye lile jengo la Atomium linalong'aa, Marekani na Urusi zikishindana kwa mabanda yao. Kijiji cha Wakongo kikawekwa tena, mafundi wakifanya kazi nyuma ya ua wa mianzi. Watazamaji wakawarushia ndizi. Mafundi wale wakasema basi, wakakusanya vyao, wakaondoka maonyesho yakiwa hayajaisha. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa huru. Sisemi uhuru ulitokana na ndizi. Lakini kila ninapoongoza wageni na mmoja akamwelekezea kamera mama anayekaanga viazi vya karai bila hata kumsalimu, ua ule wa mianzi hunijia.

Tuendelee. Kanuni za maonyesho haya zilitiwa saini Paris mwaka 1928, na ofisi yake iko huko huko, sitawachosha nazo. Linalotuhusu ni pale nchi za Afrika zilipoanza kuja na funguo zao wenyewe. Montreal mwaka 1967, kadhaa kati yao, uhuru haujapata hata miaka kumi, ziliwekwa pamoja kwenye majengo yaliyoitwa Africa Place. Shanghai mwaka 2010, nchi 42 na Umoja wa Afrika zilikuwa chini ya paa moja kubwa, katika maonyesho yaliyoingiwa mara milioni 73. Gharama ya kujijengea si mchezo, na paa la pamoja ni msaada, silidharau. Ila nyumba ya kushirikiana mwaijua. Kila mtu ana pembe yake, na ukipita kwa haraka pembe zote zinafanana: kikapu, ngoma, kinyago cha twiga. Twiga tena! Lakini huyu wa mti hakushangaza mtu.

Milan mwaka 2015 walijaribu njia nyingine. Badala ya kuzipanga nchi kwa bara, walizipanga kwa chakula. Kenya ikakaa penye kahawa, pamoja na Ethiopia, Yemen, Guatemala na wengine. Tanzania ikakaa penye viungo, na Afghanistan, Brunei na Vanuatu. Mimi mpangilio ule ulinipendeza, ingawa kuna aliyeniambia kwamba bado tulitambulishwa kwa kile ambacho wengine hunywa asubuhi. Ana haki. Hata hivyo, mtu wa kahawa akiketi na mtu wa kahawa, mazungumzo yapo. Mtu wa "bara" akiketi na mtu wa "bara" watazungumza nini?

Sasa nirudi Dubai, nilikotembea kwa miguu yangu. Pale mgeni aliuziwa pasipoti ya maonyesho, kijitabu, na kila banda lilikuwa na muhuri wake. Desturi hii ilianza Montreal. Watoto wanaipenda, na watu wazima wanaipenda kuliko watoto. Niliingia banda moja, la nchi nisiyoitaja. Skrini kubwa, simba anakimbia, jua linazama, sauti nzito inasema kitu kuhusu fursa. Binti aliyewekwa pale alikuwa ameinamia simu yake, na simlaumu, maana simba yule alimwona mara ngapi kwa siku? Familia moja ikaingia, ikaulizia muhuri, ikagongewa, ikatoka. Nilihesabu: hata dakika moja haikufika. Pesa za umma zilijenga banda zima ili kitabu kipate wino.

Mbele kidogo kulikuwa na chumba kidogo, mzee mmoja na kitanda cha kufumia. Hakuwa na lugha ya yeyote aliyeingia. Alikuonyesha kiti, akakupa mkononi kile kijiti cha kupitishia uzi, ukapitisha mara moja, yeye akaubana, akakutazama, akacheka. Uzi wako sasa umo ndani ya kitambaa chake. Nje palikuwa na foleni, na niliowaona wakitoka, wengi walikuwa tayari wamefika kwingine ndipo wakakumbuka kwamba hawakupiga muhuri. Mimi mmoja wao.

Waingereza kule Shanghai walifanya jambo la namna hiyo kwa fedha nyingi zaidi. Jengo la Thomas Heatherwick lilikuwa na nyuzi ndefu 60,000 za akriliki, na kwenye ncha za nyuzi zile mlikuwa na mbegu. Hakuna malkia, hakuna basi jekundu. Mbegu tu. Baadaye nyingi ya zile nyuzi ziligawiwa mashule.

Na sisi je? Mwajua zile Pembe za Moi Avenue, matao ya mfano wa pembe za ndovu juu ya barabara, ambazo kila mgeni lazima apigiwe picha chini yake. Zilisimamishwa mwaka 1952 kumngojea binti mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa apande meli hapa Mombasa. Babake akafariki tarehe 6 Februari yeye akiwa bara, akaruka kwa ndege kurudi kwao. Hakufika! Mwaka 1956 zikatengenezwa upya kwa ajili ya ndugu yake, Margaret. Kwa hiyo nembo ya mji wetu ni pambo la kumpokea mgeni ambaye hakutokea. Sichukii Pembe, nimekula kwa pembe zile. Nasema tu kwamba pambo likikaa sana, watu husahau lilikuwa la nani.

Ndiyo maana nina wasiwasi na mlango. Kila pakitajwa kuionyesha pwani nje, mtu wa kwanza atasema tupeleke mlango wa nakshi. Mlango mzuri, mfaa wa katikati, misumari ya shaba, kila kitu. Kisha unasimamishwa kwenye ukuta wa mbao, na nyuma yake hakuna kitu. Ukisukuma haufunguki. Mlango wa Mswahili una baraza mbele, na ndani una daka, ule ukumbi mdogo wa kuingilia, na mtu wa kukwambia karibu. Ukiupeleka peke yake umepeleka ubao.

(Hapa kijana mmoja aliuliza: basi Ekspo ya Riyadh, Saudia, mwaka 2030, tukiambiwa kitu kimoja tu, tupeleke nini?)

Swali zuri, mwanangu. Riyadh itafunguliwa Oktoba 2030. Mimi ningempeleka muuza kahawa. Nakuona unacheka. Ndiyo, yule yule anayepita hapa magharibi na dele lake la shaba, makaa chini, akigonganisha vikombe. Utasema Waarabu wana kahawa yao, na yao imeandikwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2015. Vizuri! Ndio wanaoweza kuijua yetu. Atakayepokea kikombe kile kidogo kisicho na mkono atakitambua kabla hajaonja. Kisha ataonja tangawizi, atauliza, "Hii mmeitoa wapi?" na hapo ndipo kazi inaanza. Utamwambia buni ilitoka Ethiopia ikaenda Yemen, na kwetu Kenya ilipandwa kwanza Bura, Taita, mwaka 1893, na wamisionari wa Kifaransa, na kikombe kilikuja kwa jahazi kutoka kwao. Hapo mna jamaa wawili wanaotafutana ukoo.

Ila nina masharti. Asivalishwe nguo za maonyesho; aende na kikoi chake na kofia yake. Awe na mshahara wa maana na siku ya kupumzika, maana miezi sita ni mirefu. Awe na kibali cha kumwambia mgeni mwenye kamera, "Kaa kwanza." Na ufunguo wa banda alale nao yeye.

Vikombe avibebe mkononi. Asivitie kwenye mizigo ya ndege.