Mdogo wangu kakatwa kodi 24,000 Tabora, mimi nilikatwa pauni 380 Uingereza: kosa ni la nani?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wazee shikamooni. Wale wa Kasulu na Buhigwe, mwakeye. Najua mmezoea kuniona nimekaa mbele ya lile pazia la bluu, nimevaa sweta mbili, sauti inakwaruza kwa baridi. Leo sipo Leeds. Nipo Ujiji, kibarazani kwa mama, na huo moshi unaopita mbele ya kamera msidhani simu imeharibika, ni migebuka inachomwa hapo pembeni. Mkisikia jogoo mnisamehe, hapa hakuna kitufe cha kumzima.

Nilipanga leo niwaonyeshe ziwa, nishuke mpaka Kibirizi niwarekodie boti zinavyopakia mawese. Mdogo wangu akaharibu ratiba. Yuko Tabora. Alifanya kazi dukani kwa mtu miezi miwili tu, akaacha, sasa kapata kazi nyingine, ya ofisini, mshahara mara mbili ya ule. Sote tukafurahi, mama akapiga vigelegele. Juzi mshahara wa kwanza umeingia, ananipigia simu analia. "Kaka, wamenikata kodi elfu ishirini na nne. Kule dukani nilikuwa sikatwi hata shilingi. Mhasibu hapa aliniuliza kama nina karatasi ya kodi ya kazi ya zamani, nikamwambia sina. Ndiyo wananiadhibu?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Maana mimi adhabu ya namna hiyo naijua. Ilinipata kweli, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Ngoja niwasimulie yangu kwanza, ya mdogo wangu tutaifikia.

Mimi Uingereza nilimfuata mke wangu. Naam, mimi ndiye niliyemfuata, wale wa kucheka chekeni mmalize. Nilifika Septemba. Kazi ya kwanza nikapata ghalani, kupanga maboksi usiku. Nilidumu wiki tatu. Mgongo ulikataa. Katika wiki tatu zile nililipwa pauni 1,200 jumla, na kodi sikukatwa kabisa. Nikaondoka kwa amani, sikumuaga mtu, sikudai karatasi yoyote. Akilini mwangu wiki tatu si kazi, ni kibarua. Huku kwetu ukibeba mizigo bandarini wiki tatu ukaacha, nani atakuandikia barua?

Mwezi wa 11 nikapata kazi ya pili, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Pauni 1,900 kwa mwezi. Siku ya kwanza ofisini dada mmoja mpole ananiuliza, "Una P45?" Nikajibu hapana, kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliyeulizwa kama ana silaha.

Sasa P45 ni nini. Ukiacha kazi Uingereza, hata kama umeifanya siku tatu, mwajiri anapaswa kukupa hiyo karatasi. Inaonyesha tangu mwaka wa kodi uanze umelipwa kiasi gani na umekatwa kodi kiasi gani. Ina sehemu zake: ile iliyoandikwa 1A unabaki nayo, ya 2 na ya 3 unampa mwajiri mpya. Basi, hiyo ndiyo karatasi yenyewe. Ukiipoteza, mwajiri wa zamani hakutolei nyingine, kwa hiyo usiiweke karibu na mtoto anayependa kuchora.

Asiye na P45 anapewa fomu ya mfanyakazi mpya, ile wanayoiita Starter Checklist. Ina maswali ya kawaida, jina, anwani, halafu kuna sehemu yenye sentensi tatu, A, B na C. Unachagua moja. Na hapo ndipo nilipoanguka.

A inasema: hii ni kazi yangu ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili. B inasema: sasa hivi sina kazi nyingine, ila tangu tarehe 6 Aprili niliwahi kuwa na kazi nyingine. C inasema: nina kazi nyingine, au napokea pensheni. Mimi nikasoma harakaharaka, nikaona maneno "kazi nyingine", nikasema ehee, mimi si nilikuwa na kazi nyingine? Nikatia alama C. Kiingereza cha shuleni kilinisaliti pale pale: "nina" na "nilikuwa na". Mwalimu wangu wa Kiingereza kama unanitazama, nisamehe, ulishasema.

(Mama anauliza naongea na nani. Mama, naongea na watu. Ndiyo, wote wako ndani ya simu.)

Mwisho wa mwezi nafungua salari slipu, kodi pauni 380. Elfu moja na mia tisa, asilimia 20 yake nzima, hakuna kilichosamehewa. Pembeni kuna herufi mbili: BR. Hizo herufi wanaziita "tax code" ya mtu, yaani alama inayomwambia mhasibu akukate vipi. Kwa Kiswahili ingekuwa "kodi ya kodi", na mimi siku ile niliona jina limefaa.

Pauni 380 kwa pesa yetu inapita milioni. Milioni ile ilikuwa na kazi. Nilishamwahidi mama bati. Fundi alishapima, alishakula na wali. Nikapiga simu nyumbani kusema jamani nimekatwa, kila niliyemwambia ananiuliza kimya kimya, kwa heshima: huyo mwanamke wa Kizungu anaitwa nani? Mke wangu mwenyewe ni wa Mwanga hapa hapa, ila ukiwa Ulaya huna pesa lazima kuna mwanamke wa Kizungu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kitanga ninayefanya naye kazi, kakaa kule miaka mingi. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha. Nami nawaambia kama alivyoniambia.

Kule serikali inamwachia karibu kila mtu pauni 12,570 za mapato yake kwa mwaka bila kodi. Ukigawa kwa miezi 12 ni kama pauni 1,047 kila mwezi. Ila, na hapa ndipo sisi wa huku tunapopotea, ule msamaha ni wa mwaka, haupotei mwezi ukipita. Mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili. Usiniulize kwa nini tarehe 6, ni mambo ya karne ya 18, walibadilisha kalenda mwaka 1752 wakaruka siku 11, na watu wa kodi hawakukubali kupoteza siku hizo. Basi wewe umefika Septemba, tangu Aprili hujaingiza kitu, msamaha wako unajaa tu kama maji kwenye simtanki. Mwezi wa 11 unalipwa, kwa hesabu yao ni mwezi wa nane, simtanki lina zaidi ya pauni 8,300. Mimi nilikuwa nimeingiza ngapi? 1,200 za ghalani na 1,900 za kwa wazee: 3,100. Haijafika hata nusu. Kodi niliyotakiwa kulipa ni sifuri.

Lakini mhasibu atajuaje? Hanijui, hajui kama nimeingiza 1,200 au 30,000 kabla ya kuja kwake. P45 ndiyo ingemwambia. Bila P45, ningetia alama B, angenipa msamaha wa mwezi ule tu, zile 1,047, akanikata kama pauni 170. Wanaiita kodi ya dharura. Mimi nikachagua C, maana yake nimemwambia: msamaha wangu wote unatumika kwenye kazi nyingine, wewe nikate tu. Akanikata. Hakuniibia mtu. Niliomba mwenyewe, nikasaini na tarehe nikaweka.

Mzee akaniuliza, "Barua pepe umeangalia?" Kwenda kuangalia, P45 ya watu ipo, imelala kwenye takataka za barua pepe tangu mwezi wa 10, katikati ya matangazo ya kupunguza tumbo. Nikaichapa, nikampelekea dada wa ofisini sehemu ya 2 na ya 3. Mwezi wa 12 alama imebadilika, 1257L, ile ya mwenye msamaha wote wa 12,570, na kwenye mshahara zile 380 zimerudi zote, mwezi huo nao sikukatwa kodi. Sikujaza fomu ya kudai wala sikupanga foleni.

Kwa walio kule sasa hivi wakiwa na alama ambayo hawaielewi: piga simu HMRC, wale watu wa kodi wa kule, au fungua akaunti yako ya kodi kwenye tovuti yao, kazi zako zote zinaonekana pale. Kama mwaka umeshapita, pesa iliyozidi unaweza kuidai mpaka miaka minne nyuma. Na ikija meseji kwenye simu inasema "una marejesho ya kodi, bonyeza hapa", huyo ni mwizi. HMRC hawatangazi marejesho kwa meseji. Mwenye kazi mbili kweli kwa wakati mmoja, C ni yako, usiikimbie. Halafu P60, maana mnachanganya, hiyo ni karatasi ya hesabu ya mwaka mzima, ya aliyekuwa bado kazini tarehe 5 Aprili mwaka ulipofungwa. P45 ya kuondoka, P60 ya kubaki.

Haya, turudi Tabora.

Mdogo wangu nilimwambia nipigie picha salari slipu yako. Kaipiga imepinda, nusu inaonyesha kidole, lakini nimeisoma. Mshahara 600,000. NSSF, ule mchango wa uzeeni, asilimia 10, 60,000. Inabaki 540,000, na hiyo ndiyo TRA wanayoitazama. Sasa kwetu mambo ni kwa mwezi. 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, inakuwa 20,000 kamili. Juu ya 520,000 ni asilimia 20, na yeye kazidisha 20,000, asilimia 20 yake 4,000. Ishirini na nne. Mhasibu hajakosea hata senti.

Na kule dukani? Alikuwa analipwa 300,000. Toa NSSF 30,000, inabaki 270,000. Kaishia kwenye mstari wenyewe, kama mtu aliyesimamisha baiskeli ukingoni mwa mtaro. Ndiyo maana hakukatwa. Nikamwambia, mdogo wangu, hujaadhibiwa, umepanda daraja. Hakufurahi.

Mimi nilikatwa kwa ajili ya karatasi, yeye kakatwa ila si kwa ajili ya karatasi, na sote tuliwaza kinyume. Mimi niliyetoka huku nilidhani kila mwezi unajitegemea, miezi iliyopita imeshakwenda na maji. Yeye kanisikiliza mimi miaka hii nikilalamika P45, P45, akadhani na Tabora ipo.

Sasa mhasibu wake alikuwa anatafuta nini? Nimemwambia akamuulize vizuri, maana nadhani alitaka TIN, namba ya mlipa kodi. TIN ni moja, ya maisha. Kama alikuwa nayo tangu dukani anampa ile ile, asiende kuomba nyingine kwa sababu kabadilisha kazi. Namba ya NSSF vilevile, moja tu. Watu wanafungua namba mpya kila kazi, baadaye wanazeeka wanatafuta michango yao kama kuku waliochanganyika na wa jirani. Na kama una mkopo wa bodi ya elimu ya juu, mwambie mwajiri mapema, ile ni asilimia 15 ya mshahara.

Karatasi moja ipo, ila si ya kodi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri akiachana na wewe akupe cheti cha utumishi. Mdogo wangu hana. Aliaga kwa simu, kama mimi nilivyoaga ghala. Lakini kinachonisumbua si cheti, ni zile 30,000 mara mbili. Nimemwambia aangalie salio lake la NSSF kama michango ya miezi miwili ya dukani ilipelekwa, maana kukatwa ni jambo moja na kupelekwa ni jambo jingine. Akikuta sifuri, Jumatatu aende ofisi yao ya Tabora na zile slipu mbili. Slipu anazo? Anatafuta. Anasema moja alifungia karanga.

Meseji yake imeingia sasa hivi hapa, niwasomee: "Sawa kaka nimeelewa. Ila 24,000 inaniuma."

Inauma, mdogo wangu. Mimi mwezi ule ule wa 380 kulikuwa na makato mengine chini yake, pauni 68, Bima ya Taifa ya kule. Nilipoona kodi imerudi nikasubiri na ile irudi. Nikamuuliza mzee wa Kitanga, hii nayo lini? Akanitazama. Kumbe ile ndiyo inahesabiwa kila malipo peke yake, kama yetu ya huku, haiangalii Septemba ulifika wala Aprili hukuwepo. Hizo 68 mpaka leo nazikumbuka.