Mjue Tuta Kabla ya Kupiga Dawa

Hamjambo, wakulima wa Bahati, Subukia na Njoro.

Nondo ninayemzungumzia leo, mharibifu wa nyanya, nyinyi mnamwita Tuta. Ndugu zetu wa Tanzania humwita kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwanasayansi wa kwanza kumweleza kwa maandishi ni Edward Meyrick, mwaka 1917, kutokana na nondo waliokusanywa Huancayo, nchini Peru. Mwaka 2006 akaonekana Uhispania, akashuka Afrika Kaskazini, na 2014 akawa ameshabisha hodi Kenya. Mabawa peke yake hayakumfikisha. Nyanya husafirishwa zikiwa na mayai na viwavi wake, soko hadi soko.

Mwenyewe ana urefu wa milimita 6 au 7 hivi, wa kijivu, na madoadoa meusi mabawani. Hapa naomba tusikilizane sana. Nondo wa viazi, ambaye Nakuru tunamjua tangu zamani maghalani, ni wa familia moja naye, na wanafanana mno. Hata wataalamu humpasua wakatazama viungo vyake vya uzazi kwa darubini ndipo wamtaje jina. Basi ukikuta nondo wa kijivu amenasa mtegoni, usikimbilie duka la dawa.

Mtafute kiwavi. Hebu shika jani hili la nyanya, liinue juani. Unaona baka pana lililokauka, limebaki ngozi tupu, na ndani yake kinyesi cheusi? Hiyo ni kazi ya Tuta. Inzi mchimba majani huacha njia nyembamba iliyojipinda kama nyoka. Sasa chana ngozi ya jani kwa ukucha, polepole, umtoe kiwavi aliyekomaa, umtazame kwa lenzi nyuma ya kichwa. Tuta ana mstari mwembamba mweusi unaokatiza hapo shingoni. Kiwavi wa nondo wa viazi, ngao yote ya shingo ni nyeusi au kahawia.

Huyu akishaingia ndani ya jani, dawa ya kugusa juu haimpati, na dawa ileile ikirudiwarudiwa huzaa usugu. Inaniuma kuona mtu akimaliza pesa za karo kwa dawa ya mdudu ambaye hana.

Tena msisahau managu (mnavu). Nyanya zikishang'olewa, Tuta huhamia humo, na kwenye viazi na biringanya. Kagueni managu ya kando ya ua kabla hamjahamisha miche mipya shambani.